Kupimwa Kiangazi Kinapoingia

Wajukuu wakiniuliza nilifanya kazi gani hapa Stockholm, nawaambia nilikuwa nalisha mashine. Wanadhani nasema kompyuta. Hapana. Zilikuwa mashine za kufulia, kila moja na tumbo kubwa kuliko jiko la nyumba yangu hapa Vårby gård, na chakula chao kilikuwa mashuka ya hoteli, taulo, vitambaa vya meza na makoti ya wapishi. Niliingia kwenye kiwanda kile cha dobi miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, nikitokea Uvira, Kongo, kwa njia ndefu ambayo leo siisimulii, na nilipotoka nilikuwa bibi. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi, hasa ninyi mnaosalimiwa kwa Kiswahili mkajibu kwa Kiswidi. Someni polepole, mtaelewa.

Kazi ya dobi watu huidharau. Wanafikiri unatupa nguo ndani, unabonyeza kitufe, unakaa. Nani aliwaambia? Kiwanda kina upande mchafu na upande msafi, katikati pana ukuta, na ukivuka kutoka uchafuni bila kunawa na kubadili koti, jina lako litaitwa mpaka ulichukie. Mimi nilianzia upande mchafu. Unapokea toroli, unalipandisha kwenye mizani iliyozama sakafuni, unasoma namba kwenye kioo kidogo cha ukutani, ndipo unajua mashine ipewe kiasi gani. Mashine iliyoshiba kupita kiasi haifui, inazichezea nguo tu. Yenye njaa inazipigapiga mpaka zinachakaa. Halafu unapapasa kila mkunjo. Nimekuta humo meno ya bandia, pete, funguo, na siku moja nusu ya keki imefungwa vizuri ndani ya taulo. Mtu alikuwa ameiweka akiba.

Aliyenifundisha hayo yote ni Mama Shen, Mchina wa karibu na Hangzhou, aliyenitangulia pale kazini na kunizidi umri kama dada mkubwa. Alikuwa mfupi, lakini sauti yake ilivuka kelele za mashine zote. Kiswidi chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Hakuna aliyekuwa na maneno ya ziada ya kumchosha mwenzake.

Wiki yangu ya kwanza nilipewa vitambaa vya meza kutoka hoteli fulani ambako wageni walikuwa wamekula mayai na kujipangusa kwa kila kilichokuwa karibu. Nikajisemea, uchafu sugu dawa yake maji ya moto. Nikapandisha joto mpaka mwisho. Vitambaa vikatoka na madoa ya njano yaliyoshika kama rangi ya ukutani. Mama Shen akainua kimoja, akakiweka kwenye mwanga, akanitazama.

"Umepika," akasema. "Sasa kula."

Kwa hiyo shikeni hili hata kama hamtasoma zaidi: yai, damu na maziwa huanza na maji baridi. Moto baadaye. Mmefaidi bure, mimi lilinigharimu kicheko cha mwezi mzima.

Ilinichukua muda kugundua kwamba Mama Shen haishi katika mwaka tunaoishi sisi wengine. Kwenye chumba cha kahawa alikuwa amebandika karatasi yenye duara kubwa lililogawanywa vipande ishirini na vinne. Huo ulikuwa mwaka wa jua. Msiuchanganye na mwaka mpya wao wa fataki, ule hufuata mwezi. Huu hufuata jua peke yake, safari yake nzima, na kila kipande cha wiki mbili hivi kina jina lake: Maji ya Mvua, Umande Mweupe, Joto Kubwa, Theluji Ndogo. Wakulima wa kwao wameutumia tangu zamani za kale kujua lini wapande na lini wavune. Mama Shen hakuwa na shamba hata la kitunguu kimoja. Aliutumia kujua lini ale nini, lini atoe koti zito na lini atugombeze.

Mapema mwezi wa tatu kikafika kipande kiitwacho Wadudu Wanaamka. Nje theluji ilikuwa ya magotini. Lasse, msimamizi wetu, Mswidi mpole mwenye masharubu, akasoma lile duara, akatazama dirishani, akasema wadudu wa hapa wana akili, wataamka mwezi wa tano.

Mama Shen hakuinua hata macho kutoka kwenye supu yake. "Kalenda haikosei," akasema. "Sweden imechelewa."

Sasa, ninyi mnawajua Waswidi. Mwambie nchi yake ina baridi, atakubali. Mwambie chakula chake hakina pilipili, atacheka. Lakini ukimwambia amechelewa, umemgusa pabaya. Lasse alitembea na neno lile wiki nzima. Tangu hapo kila kipande kipya kilipofika alikwenda dirishani kukagua, na mwaka ambao Joto Kubwa lilitukuta tumevaa masweta mwezi wa saba, yeye mwenyewe alisema kwa huzuni, "Bado tumechelewa."

Siwadanganyi, kuna vipande vilivyolingana na Stockholm kabisa. Umande Mweupe, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, haukukosea hata mara moja. Hewa inayoingia kiwandani inakuwa na unyevu, taulo zinatoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa kavu juu na baridi ndani, na ukizikunja hivyo hivyo, kesho zina harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Mama Shen alinifundisha kutia mkono katikati ya rundo, si juu, na kuongeza muda kidogo kuanzia kipande kile. Mpaka leo, ikifika wakati huo, natia mkono katikati ya nguo zangu mwenyewe, nikiwa peke yangu nyumbani, kama mkaguzi.

Lakini kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha mapema mwezi wa tano, Kiangazi Kimeingia. Kwao siku hiyo watu hupimwa uzito. Zamani walining'iniza mizani kubwa ya mti kwenye boriti, mtu akakaa kikapuni miguu ikiwa hewani, na mpimaji akamsemea maneno mazuri: mzee aongezewe miaka, msichana apate mchumba, mtoto akue. Halafu mapema mwezi wa nane, Vuli Imeingia, wanapimwa tena ili ionekane nani ameliwa na joto. Aliyepungua anapikiwa nyama mpaka arudi kwenye hali yake.

Palikuwa na sharti moja. Jiwe la mizani husogezwa kwenda kwenye namba kubwa tu. Halirudishwi nyuma, kwa sababu kulirudisha ni kumpunguza mtu. Sisi alitupima kwenye mizani ile ya matoroli, na mizani ya umeme haina adabu hiyo, namba zake zilirukaruka juu na chini kabla ya kutulia. Mama Shen akapata ufumbuzi. Alifunika kioo kwa kiganja, akasubiri, akachungulia chini ya vidole, ndipo akatangaza.

Mara ya kwanza nilipanda pale kama bibi harusi. Kwetu ukiambiwa umenona umesifiwa, maana yake unakula, unalala, una amani. Mama Shen akatangaza namba yangu mpaka upande msafi wakaisikia, akaongeza, "Tajiri." Nikashuka kwa maringo. Lasse alisema uzito wa mtu ni siri yake, akajifungia ofisini. Na Wambui, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi pale huku anasoma chuo, alikuwa akijinyima ili aingie kwenye gauni la harusi ya dada yake.

"Ai, Mama Bahati," akaninong'oneza, "akiitangaza yangu hivyo mimi naacha kazi, haki."

Aliitangaza. Akasema, "Nyepesi. Pole," akampa mayai mawili yaliyochemshwa kwenye majani ya chai, yakiwa ndani ya kimfuko cha nyuzi cha kuvaa shingoni. Hiyo nayo ni mila ya siku ile, mnagonganisha mayai na lenye kupasuka limeshindwa. Wambui alishinda watu saba akasahau gauni. Lasse alisikia kelele, akatoka ofisini, akaomba yai. Baada ya kushindwa mara mbili akapanda mizani mwenyewe, akatuambia tugeuke tutazame upande mwingine.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, Kiangazi Kimeingia kilipita kwa vicheko kama kawaida. Tatizo lilikuja na Vuli Imeingia. Mama Shen alitupima wote, akapanda mwenyewe mwisho kabisa, kiganja juu ya kioo, akataja namba ile ile ya miaka yote, akashuka.

Wambui akanigusa kiwiko. "Mama Bahati, wewe umewahi kuiona hiyo namba yake?"

Sikuwahi. Hakuna aliyewahi. Ndipo nilipomtazama vizuri yule mama niliyekuwa namwona kila siku. Suruali yake ilishikwa kiunoni kwa vibanio viwili vya nguo. Mikono ilimtetemeka akishika kikombe. Alikula bakuli mbili za wali ambapo zamani alikula moja, na bado mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nilishikwa na hofu, niseme kweli. Nimezika watu walioanza hivyo.

"Si umwambie tu aende daktari?" Wambui akauliza.

"Weye, mtu mukubwa hawamuambiake vile," nikamjibu. "Lakini nitajaribu."

Nilijaribu kwa adabu zote, kwa chai na kwa kumsifia supu. Mama Shen alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu alikonda," akasema. "Akaenda hospitali kuuliza. Wakamjibu." Akachukua kikombe chake akarudi kwenye mashine.

Hapo nikajua kwamba hatakwenda, na kwamba anajua anavyokonda. Alikuwa ameamua kuificha namba ile mpaka imwishe. Maneno hayangemtoa pale, labda namba yenyewe. Nikamwambia Wambui tutampima kwa hila.

Hila yenyewe ilikuwa hivi. Tuweke toroli la taulo juu ya mizani, Wambui asome uzito wake. Kisha nimwite Mama Shen aje kutazama doa gumu lililoko chini kabisa. Atapanda, atainama, Wambui atasoma tena, tutatoa namba ya kwanza katika ya pili. Nikamwita. Akaja, akapanda, akainama. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba Lasse naye alipenda madoa. Alisikia neno doa kutoka mbali, akaja mbio, akapanda upande wa pili, akaingiza kichwa ndani ya toroli. Wambui akasoma akatoa macho. Kwa hesabu yetu Mama Shen alikuwa ameongezeka uzito wa mwanamume mzima na masharubu yake.

Kesho yake Wambui alimpeleka Lasse kwenye mashine ya kahawa na maswali marefu kuhusu likizo. Nikamwita Mama Shen tena. Akapanda, akainama, Wambui akasoma. Nilimwona Wambui akiweka mkono mdomoni. Ila mtu aliyesimama kwenye mizani ile miaka yote anaijua kwa nyayo. Mama Shen alisikia bamba likicheza chini yake, akashuka haraka huku akigeuza shingo, akaiona namba ikianguka. Uzito wa toroli la taulo aliujua bila kuuliza mtu. Akasimama akihesabu kimya, na nikaona usoni mwake kwamba amepata jibu.

"Mmenipima," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Bila maneno. Na namba imerudi nyuma."

Vijana, niliona aibu. Hata kwetu wapo wazee wasiotaka watoto wao wahesabiwe kwa kidole, kwa hiyo nisingeweza kusema sikujua. Tulikuwa tumempima mtu mzima kama mzigo wa mashuka, tukimpunguza mbele ya macho yake. Nilitafuta neno la kujitetea, likaja la ajabu.

"Maneno ninayo," nikasema. "Lakini kwetu maneno hayasemwi kwenye mizani ya nguo chafu. Yanasemwa kwenye mizani ya daktari tu."

"Nani kasema?"

"Mila ya kwetu Uvira."

Hakuna mila kama hiyo. Uvira nzima mngeizunguka, kuanzia milimani mpaka ziwani, msingempata hata mmoja aliyeisikia. Mama Shen alilisukuma toroli mpaka likashuka kwenye mizani.

"Mila ni mila," akasema. "Lakini wewe unakuja nami. Na unasema kwa sauti."

Mpaka leo sijui kama aliniamini au alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, nami nikawa nimemfungulia.

Kituo chake cha afya, wenyewe wanaita vårdcentral, kilikuwa karibu na kazini. Tulipokelewa na nesi msichana, jina lake kifuani Zuhura. Akamwonyesha Mama Shen mizani, akamwomba avue viatu. Mama Shen akakataa, akasema viatu navyo ni kilo. Akaomba kioo kifunikwe. Nikakifunika kwa kiganja changu. Kisha akapanda, akanigeukia kusubiri maneno.

Hayakutoka. Na mimi ni mtu wa kuongea mpaka usingizini. Nilimwona alivyo mdogo juu ya bamba lile, na machozi yakanitangulia. Nikanung'unika kwa Kiswahili, "Mungu wangu, nitasema nini sasa?"

Yule nesi akashtuka. "Shikamoo mama," akasema, Kiswahili chake kikichechemea. "Mimi wazazi wangu ni wa Tanga. Nimekulia hapa hapa Stockholm, Tensta. Unataka kusema nini kwake?"

Nikamweleza ile mila kwa ufupi. Angeweza kutazama saa, wagonjwa walikuwa wamejaa nje. Badala yake akafikiri.

"Bibi alikuja kututembelea nikiwa mdogo," akasema. "Alikuwa anatupima urefu pale mlangoni, anaweka alama. Halafu anasema..." Akamgeukia Mama Shen, akamwambia polepole, "Kua, mwanangu, usirudi nyuma."

"Anasema nini?" Mama Shen akauliza.

"Anasema ukue," nikamtafsiria.

Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini. Akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akasimama wima kama anayepimwa urefu. Nikaondoa mkono, nesi akaandika. Kisha wakamtoa damu.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshachukua koti nikaenda kwenye bomba la maji pale ukutani, nikanywa kikombe, nikajaza kingine.

"Mama," yule nesi akasema, "hicho ni kikombe cha ngapi?"

Nikacheka, nikamweleza kuhusu mvuke wa kiwandani, jinsi unavyokausha koo, jinsi sisi watu wa dobi tunavyokunywa kama ngamia. Mama Shen hakucheka. Akakaa tena kitini.

"Sasa huyu," akasema, akinielekezea kidole.

Ndugu zangu, mngenisikia. Nilisema nina haraka. Nilisema sina miadi. Nilisema mimi nina afya, nitazameni nilivyonona, mimi ni tajiri. Nilisema hata mama yangu alikuwa mtu wa kiu. Kila neno nililolitoa lilikuwa la Mama Shen, nimelibadilisha nguo tu. Mama Shen alikaa pale na vibanio vyake kiunoni mpaka nesi akachoka na sisi wote wawili, akanitoboa kidole. Alipoisoma namba, tabasamu lake likaondoka, akaenda kumwita daktari.

Majibu ya Mama Shen yalikuja wiki iliyofuata. Ilikuwa tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi. Wakampa vidonge, mashavu yakarudi, na supu ikarudi kuwa bakuli moja. Majibu yangu yalikuwa yale yale ya siku ile: kisukari, cha muda mrefu, na daktari aliniambia bila kupaka asali kwamba ningesubiri kidogo tu, figo na miguu vingeanza kunidai. Nimestaafu nikiwa na miguu yangu yote miwili, naitumia kila asubuhi kuzunguka ziwa hapa chini.

Siku ile, tulipotoka kwa nesi, tulipanda treni ya mstari mwekundu. Mama Shen alikuwa amekishika kidole changu, anakibana na ile pamba ya nesi, ingawa damu ilikuwa imekatika zamani. Treni ilipofika Vårby gård nikasimama kumuaga, kwa sababu yeye alikaa Norsborg, mwisho kabisa wa mstari. Akasimama naye, hajaniachia. Tukashuka pamoja, tukapanda ngazi pamoja, akanifikisha mpaka mlangoni kwangu akiwa bado ameibana ile pamba.